Tenki Liache Mwisho

Mdogo wangu wa Mabira, ujumbe wako nimeusoma na picha nimeiona. Umeandika kwamba hiyo ni TVS. Nakubali kwa kuwa umesema mwenyewe, maana mimi pichani naona kichuguu kilichofungwa taa. Jumamosi ya wiki ijayo unakwenda nayo ukweni kujitambulisha, na unachotaka kwa dada yako ni jina la polishi tu, ili ing'ae kama siku ilipotoka dukani.

Wasomaji wengine msimcheke. Pikipiki hii ilianza kubeba kahawa wakati wa mavuno, ile miezi ya kiangazi ambayo barabara za Kyerwa hutoa vumbi jekundu mpaka kope zinabadilika rangi. Haikuoshwa. Mvua za vuli zikaja, vumbi lililojificha kila kona likalowa, likapata tope jipya juu yake, likakauka, likalowa tena. Katikati ya hayo imebeba mikungu ya ndizi inayochuruza utomvu, madumu ya pombe ya rubisi yasiyofunga vizuri, na abiria waliotoka shamba na mabuti yao. (Kwa walio mbali: Mabira hii ni ya Kagera, iliyokuwa ndani ya Karagwe hadi Kyerwa ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Ule msitu wa njia ya Kampala kwenda Jinja ni Mabira nyingine.)

Sasa sikiliza, waitu. Polishi nitakutajia, lakini utaisubiri hadi karibu na mwisho, na hata kwenye kazi yenyewe nafasi yake ni hiyohiyo. Vijana wengi wa bodaboda huosha kile abiria anachokiona anapokuja kijiweni: tenki, taa ya mbele, siti, madigadi. Kule chini cheni inabaki na uji mweusi wa mchanga na oili, na injini inabaki imezibwa na tope. Mimi naenda kinyume. Anza na kinachofanya kazi, malizia na kinachopendeza. TVS na Boxer hizi mnazoendesha hazina rejeta. Injini inapozwa na upepo unaopita kati ya yale mapezi ya silinda, na tope likijaa pale katikati upepo hauna pa kupita. Joto linabaki ndani, oili inachoka upesi, na wewe unaanza kulalamika kijiweni kwamba pikipiki siku hizi inakosa nguvu mlimani. Hakuna polishi inayotibu hilo.

Fanya kazi hii Alhamisi. Ukiifanya Jumamosi asubuhi, ukagundua kitu kimelegea au kinavuja, utakuwa na mikono michafu na fundi hayupo. Alhamisi inakupa Ijumaa nzima ya kurekebisha.

Tena najua ulichokuwa unawaza: kuishusha kijitoni, uiingize kwenye maji ya magoti, umwage sabuni ya unga, kazi iishe. Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira ya mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na hata kama hakuna atakayekukamata, vijito vya kwenu vinaelekea Mto Kagera, Kagera unaishia Ziwa Victoria, na katikati ya safari hiyo ndefu kuna akina mama wenye ndoo. Iegeshe uani kwenye nyasi au kokoto, mbali na kisima, ikae kwenye stendi kubwa. Iwe kivulini, asubuhi au jioni, maana sabuni ikikaukia juani huacha madoa kwenye rangi. Injini iwe imepoa kabisa. Chuma chenye moto hakipendi maji ya baridi ya ghafla.

Madumu matatu ya lita 20 yanatosha kama utayatumia kwa akili. Uyachote wewe. Pikipiki ni yako, na dada zako wana safari zao za kisimani.

Kabla ya tone la kwanza, ziba vitundu. Tundu la ekzosi lizibe kwa kitambaa (mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, usianze kuitafuta), na kitambaa chenyewe kiwe chekundu au cha njano, kitu kinachoonekana. Nina sababu. Kuna watu hupiga kiki mpaka jua linazama wakidhani plagi imekufa, kumbe wamesahau tambara ndani ya ekzosi. Swichi ya funguo na mdomo wa filta ya hewa vifunike kwa kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, uvifunge kwa kamba.

Tope lililokauka hulowekwa, halisuguliwi. Udongo ule mwekundu una mchanga mdogomdogo ndani yake. Ukiupitishia kitambaa ungali mkavu, umeipiga pikipiki msasa kwa mikono yako mwenyewe. Chukua magunia machache yaliyochakaa, yaloweshe, yafunike juu ya injini na kwenye rimu, jingine ulisokomeze chini ya madigadi. Nenda ukanywe chai. Ukirudi baada ya nusu saa tope litakuwa limelegea, na mabonge mengine yataanguka ukiyagusa tu kwa kijiti. Kijiti cha mti, si bisibisi. Hapo umeokoa dumu zima.

Watakuwepo wa kukushauri uipeleke mjini kwenye mashine ya presha. Mashine ni nzuri kwa tairi na kwa chini ya madigadi, sikatai. Lakini mwoshaji akiisogeza karibu na ekseli, shingo ya usukani, sili za shokapu za mbele au kabureta, maji yanapenya hadi kwenye beringi na kuifukuza grisi. Siku hiyo utaondoka unang'aa. Baada ya muda usukani unaanza kukwama na gurudumu linalia, na mwoshaji hatakumbuka hata sura yako.

Kwa injini, tafuta mswaki kuukuu. Palipo na oili iliyoganda pakae mafuta ya taa kidogo kwanza, kisha maji ya sabuni, na upite pezi moja baada ya jingine. Hapa usiharakishe, kwa sababu tope linasema mengi. Ukikuta kote ni jekundu na kavu, ila mahali pamoja ni jeusi na lina mafuta, jua gasketi au sili ya hapo inatoa oili. Ungepiga maji yote kwa pupa, ushahidi huo ungeondoka na maji. Na usitumie petroli kusafishia, hata kama ipo karibu na inakata grisi haraka. Inawaka haraka vilevile, na jiko la kuni la nyumbani kwenu haliko mbali na uani.

Cheni ningeweza kuiandikia kona nzima peke yake. Zima injini, toa funguo, tia mfukoni. Narudia: mfukoni. Kuna mtindo wa kuitia pikipiki gia ya kwanza ikiwa kwenye stendi, injini inanguruma, na mtu anashika kitambaa kwenye cheni inayokimbia ili isafike yenyewe. Kitambaa kikinaswa na sproketi, kidole kinafuata, na ukweni utakwenda na bendeji. Weka gia huru na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Kinga tairi na ngoma ya breki kwa gazeti, paka mafuta ya taa kwa brashi, yaache yafanye kazi kidogo, kisha sugua juu, chini na pembeni mpaka uione rangi ya chuma. Futa. Osha kwa maji ya sabuni. Futa tena, uiache ikauke hasa.

Kisha inakuja oili ya gia, ile nzito ya namba 90. Itie tone moja moja upande wa ndani wa cheni, kiungo kwa kiungo, huku ukizungusha gurudumu polepole, halafu ufute yote inayobaki nje. Kufuta huko ndiko watu husahau. Oili iliyoko nje ya viungo haina msaada wowote kwa cheni. Inakaa kusubiri vumbi la barabarani ili uji urudi palepale. Na ile oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo naona kila kijiwe kina chupa yake, usiipake. Imejaa masizi na chembe za chuma.

Ukiwa umechuchumaa hapo, tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, badilisha seti nzima, cheni pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya kwenye meno ya zamani haidumu. Cheni yenyewe ukiisukuma juu na chini katikati yake icheze sentimita 2 hadi 3 hivi; kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha pikipiki, kama bado hakijawashiwa moto wa jikoni. Chukua kijiko ugonge spoki za magurudumu moja moja. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Filta ya hewa ichomoe pia. Kama ni ya sponji, ioshe kwa maji ya sabuni, iminye bila kuipindapinda, ikikauka itie oili safi kidogo. Kama ni ya karatasi, ikung'ute tu. Ikishalowa maji ni ya kutupa.

Unaona nilivyokufanya? Uliomba polishi, nimekupeleka gereji.

Ile michirizi myeusi kwenye siti na ubavuni mwa tenki ni utomvu wa ndizi, na mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa utomvu unavyofanya kwenye shati jeupe. Maji peke yake hayautoi. Paka mafuta ya kula, subiri dakika chache, futa kwa kitambaa laini, rudia kama umeganda sana, halafu malizia kwa maji ya sabuni ili siti isibaki na utelezi. Rubisi si ngumu hivyo, maji ya vuguvugu yanatosha, ila isiachwe ikaukie kwenye pembe za fremu: ina sukari na ina ukali, sisimizi wanaifuata na chuma kinaumia.

Haya, tenki. Chukua ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kila kitambaa kinapotoka kwenye tenki kipite kwanza kwenye ndoo ya pili kikaache mchanga wake huko, ndipo kirudi kwenye sabuni. Kitambaa kiwe fulana ya pamba iliyochakaa. Dodoki libaki kwa tairi na rimu. Stilwaya na majivu vibaki jikoni na masufuria. Nimeona tenki zilizosuguliwa kwa majivu na mtu mwenye nia njema kabisa, na rangi haikurudi. Sabuni iwe shampuu ya nywele au sabuni ya maji ya vyombo, kidogo. Sabuni ya unga ni kali, ukiizoea inapausha rangi na kufubaza alumini. Jik isikaribie pikipiki kabisa.

Kwenye usukani na ekzosi naona kutu. Hilo lisikutishe, Karagwe ni nchi ya wahunzi, na wakama wake, wafalme wa kale waliokaa Bweranyange, waliweka nyundo na ng'ombe wa chuma miongoni mwa vitu vyao vya heshima. Kwa kutu nyepesi iliyo juu ya kromu, chukua karatasi ya fedha, hata ile ya ndani ya pakiti ya sigara, ikunje, ichovye kwenye maji, sugua taratibu kwa mduara. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kuchubua. Suuza, kausha, pitisha kitambaa chenye oili kidogo. Palipokwisha kubanduka kromu yenyewe na chuma kikabaki uchi, hakuna ujanja wa nyumbani. Paka oili kisizidi kuliwa, uendelee na safari.

Sasa suuza pikipiki nzima kwa dumu la mwisho, ikaushe kwa kitambaa kikavu, urudi nyuma hatua tatu uitazame. Nakwambia, sehemu kubwa ya mng'ao ulioutaka utakuwa umesharudi na hujanunua kitu. Ukibaki na hamu, nunua kopo dogo la nta ya magari kwenye duka la vipuri. Jina la kampuni halinisumbui. Paka kidogo sana, kwenye sehemu zenye rangi tu, iache ipauke, kisha ifute kwa kitambaa kikavu na safi. Brasso ni ya vyuma visivyo na rangi. Ndani yake mna chembe za kusugulia, ukiipeleka kwenye tenki inakula rangi. Plastiki nyeusi vijana huzipaka kiwi ya viatu. Inakubali, lakini uisugue mpaka kitambaa kitoke kisafi, la sivyo suruali za abiria zitaondoka nayo. Mafuta ya kujipaka na mafuta ya nazi ni ya ngozi yako. Kwenye plastiki yanapendeza kwa dakika chache, kisha kila punje ya vumbi la njiani inakuja kukaa hapo.

Siti, tairi, vikanyagio vya miguu na breki havipakwi kitu cha kung'arisha. Havipakwi hata kidogo, hata kama rafiki yako wa kijiweni hufanya hivyo kila wiki. Siti yenye utelezi inamwangusha abiria, hasa mama aliyekaa upande na kitenge chake. Tairi lililopakwa oili chafu au dizeli hupendeza sana pichani. Kwenye kona yenye tope hupendeza zaidi, maana utakuwa umelala chini unaliangalia kwa nafasi. Tena oili hula mpira, kwa hiyo unalipia uzuri huo mara mbili.

Toa vitambaa vyote, cha ekzosi kwanza. Washa, iache ingurume kidogo, halafu zunguka nayo karibu na nyumbani polepole ukigusa breki ya mbele na ya nyuma mara kadhaa. Breki za ngoma zikiwa na maji ndani hazishiki vizuri mpaka zikauke, kwa hiyo usimpakie mtu kabla hujahakikisha. Jaribu honi, taa na indiketa, na uhakikishe namba ya nyuma inasomeka. Kwa picha uliyonitumia, trafiki yeyote angekusimamisha kwa hiyo namba peke yake.

Jumamosi yenyewe beba chupa ya maji na kitambaa kwenye begi. Mvua ya Novemba haiulizi nani anakwenda ukweni. Ukikaribia kwao, simama kwenye miti, futa tenki, taa na viatu vyako, ndipo uingie. Madigadi yakiwa na tope bichi hakuna atakayekulaumu, kila mtu anaijua barabara.

Na helmeti, mdogo wangu. Ile ya abiria. Bitana lake lina jasho la msimu mzima wa kahawa, na ndiyo maana abiria wako wanaishika mkononi badala ya kuivaa. Kama bitana linachomoka, litoe ulioshe kwa shampuu, ulianike kivulini. Kama halichomoki, ingiza povu kwa mkono, suuza kwa maji safi, iache kifudifudi usiku kucha. Ganda la nje lifute kwa maji na sabuni tu, petroli na thina hulidhoofisha.

Umeniuliza pia, kwa maandishi madogo kule mwisho ukidhani sitayaona, kama unaweza kuwapakia shangazi na mshenga kwa pamoja ili kuokoa nauli. Mshikaki, siku ya kujitambulisha! Shangazi apande ya kwako, avae helmeti iliyooshwa. Mshenga umtafutie bodaboda mwenzako, umlipe kwenda na kurudi, na umwambie na yeye aioshe ya kwake Alhamisi.